Mrejesho: heller 20 ya Tabora, 1916, taji kubwa au dogo?

Wakuu, ahsanteni sana. Niliuliza heller 20 yangu ya Tabora (sarafu ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza, 1916) imegongwa kwa muhuri upi (chuma chenye nakshi cha kugongea sarafu), na mistari iliyo juu yake ni mikwaruzo au la.

Kuilaza kwenye asetoni safi, chombo cha kioo, bila kusugua, kumefaa: grisi imetoka, rangi ya uzee imebaki. Kwa lenzi ya mara 10 na taa iliyolazwa pembeni, taji ni kubwa, halina ubishi. Ukingoni ni shaba ya njano. Mistari nayo imeinuka, haikuchimbika, kwa hiyo ni nyufa za muhuri wenyewe na haiishushi daraja.

Kilichoshindikana ni upande wa neno HELLER. Ncha ya L ya pili imejikunja, lakini ya kwanza haisomeki, na ndiyo inayotenganisha aina mbili zilizobaki: ya L ya pili tu iliyojikunja, na ya L zote mbili zilizojikunja. Si kuchakaa: pale pana chembechembe kama uwanja wa sarafu (sehemu tupu isiyo na maandishi wala picha), hapakulainika wala kung'aa. Ugongaji ulikuwa dhaifu tu, kawaida kwa sarafu hizi za vita. Nimeandika "taji kubwa, L haijathibitishwa". Mwenye picha kali ya ncha zote mbili, tafadhali aiweke.