Tangu niripoti madudu kazini mwili umenigeuka, vipimo vyote vinasema niko sawa. Hii inaweza kuwa PTSD, ule ugonjwa wa kiwewe unaobaki baada ya tukio la kutisha?

mama_wawili

Habarini wapendwa, naomba mwenye uelewa anisaidie maana nimechoka kuambiwa huna kitu. Mwaka jana niliripoti kwamba fomu za ukaguzi wa usalama zinajazwa tu ofisini, mashine inasainiwa kuwa nzima wakati hakuna aliyeigusa. Nilifuata utaratibu, nikapeleka panapotakiwa, sikumtukana mtu. Toka hapo ni mateso, nimehamishwa kitengo bila barua, nimetolewa kwenye grupu la kazi, barua za onyo zinakuja kwa vitu ambavyo wenzangu wanafanya kila siku na hawaulizwi, tathmini yangu iliyokuwa nzuri miaka yote imeporomoka, na niliokuwa nakula nao mchana sa hivi nikikaa wananyanyuka.

Lakini kinachonitisha zaidi ni mwili. Ukilia tu ule mlio wa meseji za kazini moyo unaenda mbio mpaka mapigo nayasikia kooni, viganja vinaloa, hata kama meseji yenyewe ni ya salamu. Usiku nashtuka saa tisa kama mtu kaniita na silali tena. Asubuhi taya zinauma, juzi jino la nyuma limemeguka kipande, daktari wa meno kaniambia nasaga meno usingizini. Tumbo ndo usiseme, Jumapili ikifika jioni naanza kuharisha. Hedhi nayo imevurugika. Nimepima moyo, damu, tezi ya shingo, kinyesi, kila kitu safi, daktari akasema ni mawazo nipumzike.

Je hii inaweza kuwa PTSD wakati sijaenda vitani wala sijapata ajali? Na nikienda kwa daktari wa akili si ndo nitakuwa nimewapa sababu waseme nilikuwa nimechanganyikiwa toka mwanzo?

zamu_ya_usiku

Pole sana dada. Mimi ni nesi, nimefanya kazi kliniki ya afya ya akili muda mrefu. Kwanza hili: vipimo kuwa safi maana yake viungo havijaharibika, sio kwamba huumwi. Ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya, hata wenzetu wengine hospitalini.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa amigdala, kazi yake kutambua hatari, na ikishatambua haikusubiri wewe ufikirie. Neva zinaamshwa, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, damu inapelekwa kwenye misuli mikubwa na tumbo linapunguziwa, ndo maana wengine wanaharisha wengine wanafunga choo. Misuli ya shingo, mabega na taya inakaza. Baadaye kidogo inafuata kortisoli, homoni nyingine ya msongo, inahakikisha sukari ipo ya kutosha kwenye damu. Mpango huo ni mzuri sana kama unakimbia moto, unakimbia, unapona, mwili unatulia. Sasa wewe huwezi kukimbia wala kupigana, kesho asubuhi unatakiwa ukae mbele ya yule yule aliyesaini barua yako ya onyo ukamsalimie. Mwili haupati muda wa kushuka.

Ule mlio wa simu, ubongo wako umeshajifunza kwamba ukilia kuna baya linakuja, kwa hiyo unajiandaa kabla hujasoma. Haupimi kama ni salamu au ni onyo. Kushtuka saa tisa nako kunaeleweka, usiku unapoelekea alfajiri usingizi unakuwa mwepesi na kortisoli inaanza kupanda kwa kila binadamu, ila mtu ambaye mwili wake uko macho muda wote anaamka hapo hapo na harudi. Hedhi inavurugika kwa sababu ubongo ukiwa kwenye hatari unapunguza zile homoni zinazoamuru yai kukomaa. Na usiende kudai kipimo cha kortisoli kama ushahidi, wapo wenye PTSD kabisa na kortisoli yao iko kawaida au hata chini.

Kuhusu jina la ugonjwa, hapo wataalamu wenyewe hawajakubaliana. Mwongozo wa Marekani unaotumika sana, toleo la 2013, unataka kuwe na tishio la kifo, jeraha kubwa au ukatili wa kingono ndo iitwe PTSD. Ule wa Shirika la Afya Duniani unasema tukio au mfululizo wa matukio ya kutisha kupita kiasi, una nafasi kidogo zaidi. Kwa hiyo daktari mmoja anaweza kukuandikia PTSD, mwingine akaandika sonona, au wasiwasi, au tatizo la kushindwa kuhimili jambo zito lililokupata. Usivunjike moyo kwa hilo. Na kama kuna mtu aliwahi kukutishia maisha au kukugusa vibaya katika haya yote, mwambie daktari waziwazi, wengi wanaficha hiyo sehemu na ndo inayobadilisha kila kitu.

Swali lako si geni. Heinz Leymann, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Uswidi, alianza kuandika habari za watu wanaoandamwa kazini miaka ya 1980, na mwaka 1996 yeye na mwenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa namna hiyo waliokuwa na dalili za PTSD. Hakuna aliyetoka vitani pale.

tumaini_jema

Dada acha kazi, afya kwanza. Kazi zipo nyingine, uhai haupo mwingine.

fundi_mitambo

tumaini_jema nakuelewa unasema kwa upendo ila mi niliacha na nataka mama_wawili ajue ilivyokuwa. Nilisaini barua ya kuacha, nikapata kazi sehemu nyingine, bosi mpya mtu mzuri tu. Siku moja kanipitia akasema njoo ofisini mara moja. Alitaka nisaini fomu ya viatu vya kazi. Mkono ulitetemeka peni ikaanguka, nikaiokota ikaanguka tena, jasho mgongoni shati limeloa, yule bosi akaniuliza unaumwa? Na mimi kichwani nilikuwa najua kabisa hapa hakuna baya lolote, mwili ndo ulikuwa haujui. Nilikuwa nimetoka kule muda mrefu.

Kwa hiyo kuondoka kunaweza kusaidia, kwangu kulisaidia usingizi na presha ikashuka, ila usidhani mwili utatulia siku ile ile umerudisha kitambulisho cha kazi. Kilichonitoa kweli ni tiba, mwanasaikolojia anayejua mambo ya kiwewe, sio wa kuniambia sahau yaliyopita. Tulikuwa tunarudia lile tukio moja moja kwa utaratibu, kile kikao walichoniweka watu sita upande mmoja mimi peke yangu upande mwingine, mpaka ikafika naweza kulisimulia bila tumbo kukata. Kuna na ile ya kufuatisha macho vidole vya mtaalamu huku unakumbuka, EMDR, mi sikuifanya ila niliyekuwa namkuta pale imemsaidia.

Jambo lingine wengi hawasemi, aibu. Unaona mwili unakusaliti mbele ya walewale wanaotaka kukuona umeanguka, unaanza kujificha chooni. Dada usione aibu. Uliripoti kitu ambacho kingeua mtu.

mjumbe_wa_wafanyakazi

Nimekuwa nikisindikiza watu kwenye vikao vya nidhamu, naongezea upande wangu.

Usiache kazi kwa hasira wala kwa kuchoka kabla hujaongea na chama cha wafanyakazi au mwanasheria. Ukiondoka mwenyewe, kudai haki baadaye kunakuwa kugumu zaidi, sehemu nyingi itabidi wewe ndo uthibitishe kwamba ulisukumwa. Ila kama daktari akikuambia mwili haubebi tena, hilo lina uzito kuliko kesi, na likizo ya ugonjwa ipo kwa ajili hiyo hiyo.

Anza daftari, la nyumbani, sio kwenye kompyuta ya kazini wala imeili ya kazini. Tarehe, kilichofanyika, nani alikuwepo, na pembeni mwili ulifanya nini. Mfano barua ya onyo imekuja mchana, usiku sikulala, kesho yake jino limemeguka. Jino lako lina tarehe kwa daktari wa meno, hilo jalada ombeni nakala. Ukienda kwa daktari mweleze chanzo, akiandika mgonjwa anaeleza dalili zilianza baada ya kuripoti kazini, hayo maneno machache yaliyoandikwa kwa wakati wake yana nguvu kuliko wewe kusimulia baada ya miaka miwili.

Kuhusu hofu yako ya kuitwa mwenye kuchanganyikiwa, ni hofu ya kweli, nimeona wakijaribu. Lakini ripoti yako ina tarehe, na tathmini zako nzuri za nyuma zina tarehe. Ulikuwa mfanyakazi mzuri, ukaripoti, ukaandamwa, ukaumwa, huo mpangilio unajieleza. Pia kampuni kwa kawaida inahitaji kujua kama unafaa kufanya kazi au hufai kwa muda gani, haihitaji jalada lako lote la hospitali, uliza sheria ya kwako inasemaje kabla hujakabidhi karatasi yoyote.

Kuna Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, ulianza kutumika 2021, unahusu ukatili na unyanyasaji kazini na unataka anayelalamika, shahidi na mtoa taarifa walindwe wasilipiziwe kisasi. Unazibana nchi zilizouridhia, na wa zamani zaidi namba 158 wa 1982 unasema kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri sio sababu halali ya kumfukuza mtu. Angalia nchi yako ipo au haipo.

mama_wawili

Nimesoma huku nalia, asanteni mno. Kumbe sio mimi tu. Daftari naanza leo na nimeshaomba miadi kwa mwanasaikolojia. Swali kwa zamu_ya_usiku, kuna rafiki kanipa vidonge vyake vya usingizi, diazepamu, anasema nusu tu na utalala. Nimemeza mara chache kweli nililala. Niendelee mpaka siku ya miadi? Na ni wakati gani nijue hii sio stresi, nikimbie hospitali?

zamu_ya_usiku

Usiendelee navyo peke yako dada. Dawa za jamii hiyo zinalaza kweli lakini mwili unazizoea haraka, na kwenye kiwewe hazitibu chanzo, Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2013 lilishauri zisitumike kwa dalili za mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Mwambie daktari ukweli kwamba umezitumia na kiasi gani. Kwa vile ni mara chache sio shida kuacha, ila kwa anayesoma hapa ambaye anazimeza kila siku muda mrefu, asikate ghafla, anaweza kupata degedege, apunguziwe na daktari. Zipo dawa nyingine kama setralini ambazo zinatumika kwa PTSD, hizo daktari ndo ataamua, zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi.

Hospitali nenda hapo hapo kama kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkono au taya, ukikosa pumzi umekaa tu, ukizimia, ukiona damu kwenye choo. Usijiambie ni yale yale, mwenye stresi naye anaweza kuugua moyo. Na likikujia wazo la kujidhuru, hata dogo, hata la kupita, siku hiyo hiyo mwambie mumeo au mtu wa karibu na muende hospitali, usilale nalo.

Usiku ukishtuka usiangalie simu. Toa pumzi ndefu kuliko unavyoingiza, polepole, dakika chache, hiyo inapunguza mapigo kweli. Daktari wa meno muombe kifaa cha kuvaa usiku kabla jino la pili halijaondoka.

fundi_mitambo

Na miadi mama_wawili nenda na mumeo kama anakubali. Wangu alikuwa anadhani nimekuwa mvivu mpaka siku alipomsikia mtaalamu akieleza, tukarudi nyumbani akaanza kuniuliza mambo ambayo hajawahi kuniuliza.