Viwanda vya bastola vimetufanya mabwege: kila mwaka 9mm mpya, .327 imeachwa yatima

Wakuu, heshima kwenu.

Leo nina hasira na sina mpango wa kuimeza. Mnaochukia habari za silaha pitilieni mbali. Uzi huu ni wa wagonjwa wenzangu, hasa tulioko huku Marekani, ambao tukiingia duka la silaha mke anabaki kwenye gari kwa sababu anajua hatutoki leo wala kesho.

Nimemaliza kupekua bidhaa mpya za mwaka huu za viwanda vikubwa. Nimekuta nini? Bastola ya 9mm, yaani ya risasi ya kipenyo cha milimita 9. Halafu 9mm nyembamba. Halafu 9mm nyembamba iliyochongwa juu ili ufunge kile kioo cha nukta nyekundu. Halafu hiyohiyo, rangi ya mchanga. Unajiuliza wahandisi wao wanalipwa mshahara wa nini. Msinielewe vibaya, 9mm sina ugomvi nayo, ina zaidi ya miaka 120, inafanya kazi, bei yake inavumilika, na ninayo. Ila nikitaka kitu kingine nakutana na jibu lilelile la kila siku: "Soko hakuna."

Soko hakuna! Mmewahi kulipeleka sokoni vizuri?

Nazungumzia .327 Federal Magnum. Wasioijua: hii ni risasi ya revolva iliyoletwa 2008 na kampuni ya risasi ya Federal ikishirikiana na Ruger, kwenye kile kirevolva chao cha SP101. Kichwa chake kina kipenyo cha inchi 0.312, chembamba kuliko cha .38 au .357. Kwa kuwa risasi ni nyembamba, kwenye ngoma ya revolva ndogo panapatikana nafasi ya tundu moja zaidi. SP101 ya .357 inabeba 5, ya .327 inabeba 6. LCR, revolva yao nyingine ndogo, hivyohivyo, 5 kwa 6. GP100, ile yao kubwa zaidi, ikichimbwa kwa .327 inabeba 7. Na si kwamba umechukua risasi dhaifu ili upate hiyo moja ya ziada. Federal wenyewe wanaandika kwenye boksi la risasi zao za American Eagle, zenye kichwa cha greni 100 (kama gramu 6.5), kuwa inakwenda futi 1,500 kwa sekunde. Hicho ni kidude kinachokaa mfukoni!

Utamu wenyewe bado. Revolva ya .327 inameza ukoo mzima wa .32. Unaweka .32 S&W (Smith & Wesson) ya mwaka 1878, inapiga. Unaweka .32 S&W Long ya 1896, inapiga. Unaweka .32 H&R (Harrington & Richardson) Magnum ya 1984, inapiga. Zote ni ganda lilelile lililokuwa likirefushwa kidogokidogo na kuongezewa nguvu. Bastola moja, risasi za aina nne, kuanzia ya kufundishia mtoto wa shangazi aliyekuja likizo hadi ya kutembea nayo porini. Niambieni 9mm gani inafanya hivyo.

Mke wangu ana vidole vyenye baridi yabisi. Bastola za magazini hawezi kuvuta ile sehemu ya juu, springi inamshinda, kwa hiyo ni revolva tu. Tulianza na ile ndogo ya alumini ya .38, ambayo kila muuzaji anawasukumia wanawake kwa sababu ni nyepesi, bila kuwaambia kwamba wepesi ndio unaoleta teke. Alipiga tano, akaiweka mezani taratibu, akawa anakung'uta mkono: "Hii wamewatengenezea watu wanaowachukia?" Jamaa mmoja aliyekuwa meza ya pili pale uwanja wa shabaha, mzee wa Kentucky mwenye kofia ya mkulima, akamwazima SP101 yake ya .327 akiwa ameipakia .32 Long. Mke wangu alimaliza boksi. Matundu kwenye karatasi ungeyafunika kwa kiganja. Na mimi nikapewa sita za .327 zenyewe nionje: mlio ni mkali, sikatai, unasikia hadi kwenye meno, lakini mkono unabaki shwari kuliko ukipiga .357 kwenye bastola ya ukubwa uleule.

Siku hiyohiyo nikaenda duka moja hapa mjini kuiagiza. Nikaambiwa ipo njiani. Nikalipa kianzio. Kila nikipiga simu, ipo njiani. Baadaye nikaambiwa "kiwanda hakitengenezi kwa sasa, lakini tunayo ya .357, ni kitu kilekile." Kitu kilekile! Ungeagiza pilau ukaletewa ugali ukaambiwa vyote ni wanga, ungenyamaza? Kianzio wamerudisha baada ya kelele, wakiwa wamekata kile wanachokiita gharama ya usumbufu. Usumbufu wa nani?

Lakini muuzaji ni mtu mdogo kwenye hili. Lawama ni za viwanda. Angalieni walivyoipokea. Mwanzo wakaitangaza kama dawa ya kujilinda kwenye mtutu mfupi wa inchi tatu, yaani pale ambapo mlio na moto vinatisha kuliko kawaida na ile spidi niliyoitaja unaipata pungufu. Watu wakapiga wakiwa uwanja wa ndani, wakaziba masikio, wakasema hapana. Waliokuwa wakiitaka kweli ni watu wa porini, wakulima wenye sungura na mbweha, wazee wanaojaza maganda yao wenyewe nyumbani, na watu wenye mikono dhaifu kama mke wangu. Hao wanataka mtutu wa inchi nne, vilengeo vya kurekebishwa, chuma chenye uzito. Ruger waliwahi kutoa SP101 ya namna hiyo, inchi 4.2, na ile Single-Seven ya kukokwa kwa kidole gumba yenye risasi 7. Sasa zinakuja kwa mafungu kama mvua ya vuli. Fungu likiisha, muuzaji wa mtandaoni anapandisha bei mara moja na nusu, na wewe unasubiri hadi mkubwa fulani kiwandani akumbuke.

Smith & Wesson ndio wanaoniumiza zaidi, kwa sababu wameshajua. Mwanzoni mwa 2024, wakiwa na msambazaji Lipsey's wa Louisiana, walitoa zile revolva ndogo za alumini wanazoziita Ultimate Carry. Wakasikiliza watu kwa mara ya kwanza: wakaondoa lile tundu la funguo pembeni tulilolilalamikia miaka nenda rudi, wakaweka vilengeo vinavyoonekana gizani, wakalainisha kifyatulio. Na wakazitoa za .38 na za .32 H&R Magnum. Nini kilitokea? Za .32 ziligombewa! Watu waliokuwa hawajui .32 ni nini wakaanza kuuliza risasi zake zinapatikana wapi, rafu zikakauka. Sasa niambieni "soko hakuna" ilitoka wapi.

Najua kuna fundi atakuja kunikosoa: alumini haivumilii .327, ile risasi imeruhusiwa presha ya psi 45,000 (pauni kwa kila inchi ya mraba), zaidi ya mara mbili ya H&R. Sawa mkuu, nakubali. Basi wanipe ya chuma! Fremu ya ukubwa wa K, ile ya kati ya Smith & Wesson, mtutu inchi nne. Mwishoni mwa miaka ya 80 walikuwa nayo kabisa, Model 16-4 ya .32 H&R, na leo ukiikuta mnadani bei yake unaweza kununua pikipiki. Michoro wanayo kabatini. Au Colt, mmeirudisha revolva yenu ya Python 2020, kila mtu akashangilia, .357 risasi 6. Ichimbeni saba za .327 mwone kama zitalala dukani.

Mwingine atasema risasi ni ghali na hazipatikani. Kweli, boksi la 50 la .327 nimeliona kwa zaidi ya dola 40, pesa ambayo kwa 9mm napata maboksi mawili na chenji. Lakini ghali kwa nini? Kwa sababu bastola ni chache. Na bastola ni chache kwa nini? Wanasema risasi ni ghali. Mnaona wanavyotuzungusha? Na si kwamba .32 haina kwao duniani. Kule India, ambako raia hawaruhusiwi risasi za kijeshi, kiwanda cha serikali cha Kanpur kimetengeneza revolva za .32 Long kwa miaka mingi. Kwenye mashindano ya mita 25 ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, kuna bastola za Pardini na Walther zinazotumia .32 Long hiyohiyo ya 1896, kwa sababu haina teke na inapiga pale ulipoangalia.

Tena wanaosema kaliba (saizi ya risasi) ikishakufa hairudi, waulizeni kuhusu 10mm. Ilianza 1983 na bastola ya Bren Ten ya Dornaus & Dixon, California, ambayo Jeff Cooper mwenyewe, yule mwalimu maarufu wa bastola, alikuwa na mkono wake. Kampuni ikawatumia wateja bastola bila magazini! Umelipa, umesubiri, umefungua boksi, chuma kinang'aa, na huwezi kukipakia. 1986 wakafilisika. FBI wakaichukua 10mm baada ya majibizano ya risasi ya Miami mwaka huohuo, wakaona nzito, ikafupishwa ikawa .40 S&W mwaka 1990, na kila mtu akaizika 10mm. Leo je? Glock, SIG, Springfield, FN, Smith & Wesson wenyewe, wote wana 10mm dirishani. Wamefuata pesa za watu wanaotembea msituni kwenye dubu. Na .40 iliyoiua, polisi wengi wameshaikimbia.

Halafu Federal, baba mzazi wa .327, 2022 wakatuletea .30 Super Carry, kichwa cha unene uleule wa karibu 0.312, safari hii kwa bastola za magazini. Wakati huo wa uhaba wa risasi watu walikuwa wanapanga foleni kutafuta hata 9mm, nani alikuwa na muda wa kaliba mpya? Mtoto wa kwanza hajavaa viatu, unazaa wa pili.

Kwa wadau wa Tokarev, sijawasahau. 7.62×25, ile risasi ya TT, bastola ya Kisovieti ambayo waliopita jeshini huko nyumbani wengi wanaijua kwa sura. Kila tukiomba bastola ya kisasa ya kaliba hiyo tunaambiwa risasi ni ndefu, mpini utakuwa mpana, mkono hautashika. Mimi hiyo hoja niliiamini hadi Ruger walipotoa bastola yao ya Ruger-57, ya risasi ya 5.7×28. Risasi hiyo ina urefu wa milimita 40 na ushee. Tokarev haizidi 35. Mpini mnao tayari! Kinachotakiwa ni mtutu, sehemu ya juu, magazini na nia. Badala yake anayetaka Tokarev mpya anabaki na M57 ya Zastava, bastola nzuri, lakini ni mchoro wa Yugoslavia ya enzi za Tito.

NYONGEZA: Naona mmeshaanza. Aliyesema "nunua .357 upige .38 ndani yake", mkuu, nimekueleza habari ya tundu la sita na mikono ya mke wangu, rudi usome. Aliyesema "njoo nyumbani uone kupata leseni kulivyo, wewe unalia kaliba", kaka, nakuelewa kabisa na pole, lakini malalamiko yako ni uzi mwingine, ufungue nitachangia. Na wewe uliyeuliza kama nafanya kazi Ruger: ningekuwa nafanya kazi Ruger ningekuwa nayo tayari.

Aliyeiona SP101 ya .327 ya inchi 4.2 kwenye kabati la duka lolote Ohio, Indiana au Kentucky ataje mji tu, mengine niachieni. Na kabla hujaniandikia, soma maandishi kwenye mtutu. Wiki iliyopita kuna mtu ameniendesha masaa mawili kwa .357.