Video za wajukuu hazifunguki kwenye simu ya bibi, zikifunguka ni ukungu

Mtoto_wa_Micheweni aliuliza:

Assalamu alaykum wakuu. Niko Dubai, mama yuko Micheweni, Pemba. Huku simu ya video ya WhatsApp haipiti, kwa hiyo tunategemea klipu: mtoto anasoma sura, anakula ugali, anajifunza kutembea. Nikituma ya dakika tatu, kwa mama inazunguka tu mpaka anaiacha. Ikibahatika kufika, sura haionekani vizuri. Natumia iPhone, yeye ana Android ya zamani ya GB 16 na bando la wiki. Anayemshikia simu ni mpwa wangu akitoka skuli. Nibadilishe nini huku, na kule niwaambie wafanye nini?

Jibu: mzee_wa_data

Tuma kama dokumenti, usitume kama video. Ihifadhi kwanza kwenye Files, ingia WhatsApp, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua dokumenti. Hapo haibanwi hata kidogo, na faili la mpaka GB 2 linapita. Ukungu kwisha.

Jibu: FundiSimu

Wa alaykum salaam. Ushauri wa hapo juu ni wa kumtumia mtu mwenye Wi-Fi. Kwa mama utamuua na bando.

Piga hesabu. iPhone ikirekodi kwa ukali wa 1080p (namba ikiwa ndogo, picha ina ukali mdogo na uzito mdogo), picha 30 kwa sekunde, inakula kama MB 60 kwa dakika ukitumia muundo wake wa kubana, HEVC. Ukiiweka kwenye muundo wa kawaida, H.264, inafika MB 130. Dakika zako tatu ni MB 180 kwa uchache. Mtandao wa kasi ya Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde) utazivuta kwa dakika 24, tena usikatike hata mara moja. Halafu ikiwa ni HEVC, simu nyingi za zamani zinatoa sauti huku kioo ni cheusi, na mpwa wako ataapa kwamba video ni mbovu.

Fanya hivi kwenye iPhone: Settings, Camera, Record Video, chagua 720p kwa 30. Rudi nyuma, ingia Formats, weka Most Compatible. Kuanzia hapo unarekodi H.264, ambayo karibu kila simu inaifungua. Kisha itume kama video ya kawaida na uache WhatsApp ibane. Kitufe cha HD usikiguse, kinaongeza uzito ambao kioo kidogo cha mama hakitauonyesha.

Sasa huo ukungu. WhatsApp ikishabana, kila sekunde inabakiwa na data kidogo. Kitu kikitulia, data hiyo inatosha kuchora uso. Mkono ukitikisika, au nyuma kuna feni, matawi na watu wanaopita, data yote inaishia kuchora mtikisiko na uso unabaki vibokisi. Giza nalo ni hivyo hivyo: zile chengachenga za usiku simu inazihesabu kama mwendo. Kwa hiyo egemeza kiwiko ukutani au mezani, mtoto akae akiuelekea mlango au dirisha, wewe mwanga uwe mgongoni kwako. Futa lenzi kwa kanga kabla ya kuanza. Mafuta ya vidole peke yake yanatosha kuleta ukungu ambao hakuna seti itakayouondoa.

Na kata. Dakika tatu za nini? Kabla ya kutuma, WhatsApp inakuonyesha ukanda wa video juu. Vuta ncha zake mbili na utaona sekunde na MB zikipungua hapo hapo. Sekunde 30 mpaka 40 zinatosha. Ukiwa na matukio matatu, tuma klipu tatu: moja ikigoma, mbili zimefika.

Onyo moja: usichukue klipu uliyokwisha kuituma kwenye WhatsApp, ukaikata, ukaituma upya. Inabanwa mara ya pili. Rudi kwenye ile ya asili.

Jibu: Shangazi_Tanga

Kwa upande wa bibi, mpwa aanze na vitu viwili.

Kwanza tarehe ya simu. Simu kuukuu ikizimika kwa kuisha chaji mara nyingi hurudi mwaka wa nyuma, na WhatsApp inagoma kuunganika. Aiweke ijipange yenyewe kwa mtandao.

Pili nafasi. GB 16 si GB 16, mfumo wa simu umeshakula sehemu kubwa. Nafasi ikiisha, video inagoma kupakuliwa na watu wanalaumu mtandao. Aingie mipangilio ya WhatsApp, hifadhi na data, kisha kusimamia hifadhi. Hapo kuna mafaili yanayozidi MB 5 yamepangwa kuanzia kubwa. Utakuta mawaidha na vichekesho vya makundi, wajukuu hawamo. Afute hayo. Asisahau kwenye mafaili ya simu folda ya WhatsApp Video, ndani yake kuna nyingine inaitwa Sent: nakala ya kila video ambayo bibi mwenyewe amewahi kutuma.

Hapo hapo kwenye hifadhi na data, azime kujipakua kwa video mtu akiwa kwenye data. Makundi ndiyo yanayomaliza bando kabla klipu yako haijafika. Zako atazibonyeza kwa mkono. Ila zisilale sana: video ikikaa muda mrefu bila kupakuliwa, anaambiwa akuombe uitume upya.

Jibu: sauti_kwanza

Mmesahau sikio. Spika ya simu ile ni ndogo na bibi anaishika mbali na uso. Maiki kuu ya iPhone iko chini, pembeni ya tundu la chaja, na ukishika simu kwa kulala kiganja kinaifunika. Ishike wima, sogea mpaka mita moja, zima feni na TV. Mtoto aanze na "Shikamoo bibi" ndiyo aendelee na mengine, maana asiposikia mwanzo ataifunga. Siku mtandao ni mbovu kabisa, tuma sauti tupu na picha moja. Zitapita.

Mtoto_wa_Micheweni:

Nimewafahamu, ahsanteni. Kuna mtu kaniambia niweke YouTube halafu nimtumie linki tu. Vipi hiyo?

Jibu: FundiSimu

Kwa video ndefu, mfano maulidi au harusi, inafaa: anaweza kuchagua 144p au 240p akatazama kwa MB chache na simu haijai. Ila chagua "haijaorodheshwa" unapoipandisha, ukijua kwamba yeyote atakayepata linki ataiona, na linki husambaa kwenye makundi. Mtoto akiwa anaoga au amevaa sare yenye jina la skuli, hiyo usiiweke. Na kila akirudia kutazama anakatwa MB tena, wakati ile ya WhatsApp akishaipakua ataiangalia mara mia bure.