Samaki wangu kangaja ana vidoa vyeupe, vinapotea halafu vinarudi: nitie dawa kwenye tanki la matumbawe?

kinyozi_wa_south_b

Salamu wakuu. Mimi ni kinyozi hapa South B, Nairobi, na tanki langu la maji chumvi liko ndani ya duka, kati ya kiti cha pili na kabati la taulo. Lita 250. Ndani kuna matumbawe laini, anemoni moja, kamba msafishaji mmoja, samaki klauni wawili, kitatange mmoja, na kangaja buluu niliyeletewa na basi la usiku kutoka Mombasa wiki tatu zilizopita. Huyo kangaja ndiye aliyeniletea haya.

Alifika mzima, nikamtia moja kwa moja. (Najua, msinigombeze.) Siku ya nane mteja niliyekuwa namnyoa akaniambia kupitia kwenye kioo, "Boss, samaki wako amemwagiwa chumvi." Nikageuka, kweli: punje nyeupe kwenye mapezi na ubavuni, kama ishirini hivi. Alikuwa anajisugua kwenye mawe. Baada ya siku mbili tatu nikaamka nikakuta punje zimeisha, nikamshukuru Mungu. Jumatatu iliyofuata zikarudi, safari hii hazihesabiki, na klauni mmoja naye anazo.

Nimejaribu mambo mawili. Nimemchovya kangaja kwenye maji baridi yasiyo na chumvi dakika tano, hakuna punje hata moja iliyobanduka. Kisha duka moja hapa mjini limeniuzia chupa ya dawa "isiyodhuru matumbawe", shilingi 3,800. Nimeitia siku tano. Matumbawe hayajadhurika, ni kweli. Vimelea navyo havijadhurika.

Sasa jamaa mmoja ananiambia nitie dawa ya shaba humo humo tankini nimalize kazi. Nifanye hivyo?

pweza_wa_nyali

Kaka, kitunguu saumu. Saga, loweka chakula humo, lisha siku kumi. Wangu walipona wote, na sikuhamisha hata mmoja.

mzamiaji_mstaafu

Kinyozi, usitie shaba humo. Narudia: usitie. Kamba wako na anemoni watakufa, matumbawe yatafuata, na mawe yatainyonya hiyo shaba halafu yawe yanaitema kidogo kidogo baadaye. Utakuwa umeua walio wazima na dawa yenyewe imepungua nguvu kabla haijamfikia mgonjwa.

Mimi nimezamia kuvua samaki wa mapambo miaka 22, kuanzia Shimoni hadi Kanamai, na kangaja buluu ndiye aliyenisomeshea watoto. Naongea juu ya samaki ninayemjua. Ana ute mwembamba mwilini, ana wasiwasi, akifungiwa mahali padogo anakuwa wa kwanza kushikwa. Kule kwenye mwamba nimewaona wakiwa na punje mbili tatu na wanakula mwani kama kawaida. Bahari ni kubwa, vitoto vya mdudu huyu vingi vinapotelea majini kabla ya kupata samaki. Tankini vitapotelea wapi? Wewe umewajengea nyumba.

Ulivyoeleza, huu ni ule ugonjwa wa vidoa vyeupe wa maji chumvi, mdudu wake wataalamu wanamwita Cryptocaryon irritans. Mfikirie kupe. Kupe hunyonya ng'ombe, akishiba anaanguka, na mayai yake yako majanini, hayako kwa ng'ombe. Huyu naye anakaa chini ya ngozi ya samaki kama siku tatu hadi saba. Akishiba anajiachia, aghalabu gizani kabla ya alfajiri, ndiyo maana uliamka ukakuta samaki msafi. Anashuka kwenye mchanga au jiwe, anajifunga ganda, na humo ndani anajigawa. Ganda moja linaweza kutoa vitoto mia mbili hivi. Mengi hupasuka kati ya siku ya tatu na ya ishirini na nane, mengine huchelewa sana. Kitoto kikitoka kina siku moja, mbili kwa shida, kipate samaki au kife.

Sasa angalia. Akiwa chini ya ngozi dawa haimfikii vizuri, wala maji baridi hayamfikii, ndiyo maana kule kuchovya hakukusaidia. Akiwa ndani ya ganda, shaba haimfanyi kitu. Anauawa akiwa kitoto kinachoogelea, basi. Kwa hiyo siku punje zinapoisha ndiyo siku ya kuogopa. Hapo uliposhukuru Mungu, mimi ningetafuta beseni.

Na wewe pweza_wa_nyali, sina ubaya nawe, lakini vitunguu saumu vinamfanya samaki ale vizuri tu. Samaki anayekula ana nguvu, na wako walistahimili. Mdudu bado unaye, siku stima ikipotea na maji yakipoa utamwona.

Kinyozi, nieleze kwanza: anapumua vipi? Na punje ni kubwa za kuhesabika, au ni kama vumbi la unga?

kinyozi_wa_south_b

Mzee shikamoo. Punje zinahesabika, kama chumvi ya mezani. Kangaja anapumua haraka kiasi, lakini anakula nori (mwani mkavu) ninayomfungia kwenye klipu. Klauni wanakula. Kitatange tangu jana anazungukazunguka tu.

mzamiaji_mstaafu

Marahaba. Kama anakula na punje zinahesabika, tuna nafasi. Ingekuwa vumbi, samaki anang'aa kama amevishwa mahameli, anakimbia mwanga na anakwenda kusimama kwenye mkondo wa pampu akihema, huo ungekuwa ugonjwa mwingine, Amyloodinium, unaomaliza tanki kwa siku chache. Huo nisingekupa maelezo ninayokupa sasa. Ningekuambia shaba leo leo, nje ya tanki.

Kwako nashauri kuhamahamisha. Nunua beseni kubwa mbili za plastiki, za lita 100, uzijaze lita 60 tu ili wasiruke. Kila moja hita yake, jiwe lake la hewa na vipande vya bomba la PVC vya kujifichia. Usitie mchanga wala mawe. Jumapili asubuhi samaki WOTE, hata wasio na punje, waingie beseni la kwanza. Jumatano wahamie la pili. Jumamosi warudi la kwanza, Jumanne la pili, Ijumaa watoke wakae mahali safi. Kila safari hama kabla saa 72 hazijatimia, maana ganda la haraka kabisa linahitaji kama siku tatu kupasuka. Samaki wanaondoka, maganda yanabaki. Beseni lililoachwa mwaga maji yote, lisugue, lianike juani mpaka likauke kau, pamoja na hita, mabomba na kikombe cha kuhamishia. Kitu kibichi kimoja ukikisahau, umeanza upya.

Kangaja usimtege kwa wavu. Ana kisu pembeni mwa mkia, kitanasa, na ukimkwamua utamchuna. Mwingize kwenye chombo cha plastiki akiwa majini.

Maji mapya yawe na chumvi na joto sawasawa na ya mwanzo. Hesabu yako: beseni mara nne na mahali safi pa mwisho mara moja, kwa lita 60 ni lita 300, chumvi ya mfuko kama kilo 11. Koroga siku moja kabla. Lisha kidogo, kwa sababu beseni halina chujio na amonia inapanda. Hapa huna shaba majini, kwa hiyo dawa ya kufunga amonia unaweza kutumia.

Na tanki la dukani libaki bila samaki siku 76. Kamba, konokono na matumbawe wabaki humo, mdudu huyu hawali hao. Wapo wanaokwenda wiki sita kama maji ni ya joto. Mimi ni mzee, nakwenda 76.

Jambo la mwisho, nalo watu wa huko juu husahau. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya bahari. Maji yako yanashika oksijeni pungufu karibu moja ya tano kuliko yangu hapa Mtwapa. Samaki mwenye mdudu kwenye matamvua anahisi hilo kabla yako. Weka pampu mbili za hewa, moja ya betri.

binti_maskati

Assalaam aleikum kutoka Muscat. Kwangu nilitumia njia ya kupunguza chumvi. Samaki peke yao kwenye tanki tupu, nikashusha kwa siku mbili kipimo cha uzito wa maji chumvi kutoka 1.025 mpaka 1.009, nikashikilia hapo wiki nne kamili baada ya punje ya mwisho. Walipona. Lakini kipimo lazima kiwe rifraktomita iliyosawazishwa. Mara ya kwanza nilitumia kile cha mkono wa plastiki kinachoelea, kilinidanganya, nilikuwa 1.013 wala sijui, na mdudu akarudi. Na hiyo njia haifai kwa ule wa vumbi aliousema mzee, yule anaishi hata maji yakiwa hafifu.

dakitari_wa_mifugo_kiambu

Mfano wa kupe nauazima, mzee. Naongeza mambo mawili kabla mtu hajakimbilia duka la dawa.

La kwanza, shaba. Anayeichagua, atumie nje ya tanki la matumbawe na apime kila siku. Shaba si moja: chupa ya Cupramine inalengwa 0.5 mg kwa lita, Copper Power 2.5. Ukichukua kipimo cha moja ukakitumia kwa nyingine, ama hutibu ama unaua. Na dawa nyingi za kufunga amonia zikikutana na shaba zinaigeuza kuwa sumu kali zaidi, kwa hiyo ruhusa aliyotoa mzee ni ya beseni zake tu.

La pili, klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria. Inaua vimelea hivi kwa miligramu 10 hadi 15 za klorokwini fosfeti kwa lita, na najua kuna watu wenye vidonge vya zamani, vile vilivyokuwa vikituwasha ngozi usiku kucha kabla serikali haijaviacha mwaka 1998. Tatizo ni kwamba kidonge cha miligramu 250 za fosfeti kina 150 tu za dawa yenyewe, na lebo nyingine huandika hii, nyingine ile. Halafu humo kuna unga wa kushikiza kidonge. Kinyozi hana namna ya kuipima majini. Simshauri.

Yule kitatange anayezungukazunguka, mwangalie macho. Yakiwa na ukungu huenda ana minyoo bapa ya ngozi juu ya hilo lingine. Hiyo ndiyo huanguka kwa kuchovya maji baridi, na dawa yake ni ile ile ya kichocho, prazikwanteli, miligramu 2.5 kwa lita. Kwa beseni la lita 60 ni robo ya kidonge cha 600, isagwe sana maana haiyeyuki kwa urahisi.

kinyozi_wa_south_b

Wakuu, nimerudi. Leo Ijumaa wametoka beseni la mwisho.

Kitatange amekufa siku ya tano. Macho yalikuwa na ukungu kama alivyosema daktari, nikamchovya maji baridi, vikaanguka vitu kama magamba madogo meupe chini ya ndoo. Nilichelewa. Alikuwa hajala siku nne.

Kangaja na klauni wote wawili hawana punje. Mara hii sijashukuru haraka, nimewaangalia kwa tochi ya simu kila jioni baada ya kufunga duka. Jumamosi nilihamisha saa mbili nikiwa na mteja ameshanyolewa nusu kichwa. Akasubiri. Akashika hata kikombe.

Shida ni dukani. Tanki linawaka taa, matumbawe yamefunguka vizuri kuliko siku zote, na samaki hakuna. Kila anayekaa kitini ananiuliza tumewala. Mwingine jana ameniletea samaki wawili wadogo kwenye mfuko wa plastiki, zawadi, kutoka kwa shemeji yake Kilifi. Nimewaweka kwenye ndoo nyuma na hewa. Wanaonekana wazima kabisa, mzee. Zimebaki siku 64.

mzamiaji_mstaafu

Pole kwa kitatange. Hao wawili waanze Jumapili. Beseni zimekauka?