Naomba ushauri: tremolo ya "How Soon Is Now?" kwa amplifaya moja

Wakuu, kwenye ule ubishi wa nani aliibeba bendi ya The Smiths, mwimbaji Morrissey au mpiga gitaa Johnny Marr, wimbo huu wa 1984 kwangu ndiyo hoja nzito kabisa ya upande wa Marr. Sasa bendi inataka kuupiga jukwaani na gitaa la mtikisiko (tremolo, yaani sauti kupanda na kushuka haraka haraka) ndilo linalokwama.

Studio, Marr na prodyuza John Porter walirekodi gitaa kavu (bila tremolo) kwanza, kisha wakalipitisha kwenye amplifaya nne za Fender Twin Reverb, kila mmoja akishika spidi ya tremolo kwenye amplifaya mbili. Zikiachana na ngoma, mkanda unarudishwa nyuma wanaanza tena. Jukwaani hakuna kurudisha nyuma.

Hesabu ni hii: kwa spidi ya mapigo 95 kwa dakika, mitikisiko minne kila pigo, inakuja kama 6.3 kwa sekunde. Kitufe cha spidi kikikosea 1% tu, baada ya sekunde 16 hivi umeshapishana na ngoma kwa mtikisiko mzima. Kukigusa katikati ya wimbo kunazidisha fujo.

Naomba kujua: pedali ya kugonga kwa mguu ili kuweka spidi ya tremolo inatosha, au mpiga ngoma afuate mdundo wa kwenye hedifoni? Na mwangwi ukae kabla au baada ya tremolo? Ukitangulia, mkia wake nao unakatwakatwa. Ukifuata, unaziba nafasi kati ya mitikisiko na makali yanapotea.

Gitaa la slaidi lina mpigaji wake, hilo halisumbui.