Ulinganisho: vitabu vya barua za Kiingereza, nakala za kujitungia, au kuandikiana na shule jirani?

Chaki_Mbovu
Habari za jioni walimu wenzangu. Naomba mawazo kabla ya Ijumaa, mwalimu mkuu anataka jibu. Kamati ya wazazi imetutengea laki mbili na nusu kwa ajili ya Kiingereza, tukakubaliana iende kwenye uandishi wa barua, maana mtihani wa muhula watoto wametuaibisha. Mezani kuna mambo matatu:

1. Wakala amepita na kitabu cha barua za mfano, kurasa 48. Bei 4,500, ukichukua 50 anashusha hadi 4,200.
2. Nitunge barua mwenyewe, nitoe nakala steshenari.
3. Tuandikiane na shule nyingine, hela iende kwenye bahasha na stempu.

Mimi naelemea vitabu. Nyie mngechukua kipi?

Mama_Ilham
Mwalimu, umesahau mambo yote ya maana. Darasa la ngapi? Wako wangapi? Serikali au mchepuo wa Kiingereza? Barua za kirafiki au rasmi? Na hiyo aibu ya mtihani ilikuwa aibu gani hasa, anwani au sentensi zenyewe?

Kuku_wa_Kienyeji
Naongezea swali: kwa nini 50? Darasa la watoto 50 siku hizi lipo wapi, tuhamie huko.

Mwl_Voi
Habari kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu Kenya enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, insha ilikuwa dakika 40 na alama 40, mtoto alikuwa anajua asipoandika ameumia. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, na gredi ya sita walishaanza 2022 kufanya KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi iliyoanza ikiwa ya kuchagua majibu, na ukweli nimeona kalamu zikilegea. Usichague kwa kufuata mtihani. Mtihani hubadilika, mtoto anabaki hajui kuandika.

Chaki_Mbovu
Samahani wadau, niliandika kwa haraka nikiwa kwenye daladala. Ni shule ya serikali, la sita, mikondo miwili, jumla 117. Hawa Kiingereza walikianza la tatu. Barua ya kirafiki na ya kuomba ruhusa. Aibu yenyewe: zaidi ya nusu waliandika anwani tu wakaishia hapo. Anwani safi, tarehe safi, "Dear Uncle", halafu karatasi nyeupe mpaka chini.

Mama_Ilham
Basi jibu umeshajipa. Hawana tatizo la barua, wana tatizo la cha kusema. Vitabu 50 kwa watoto 117 ni watoto zaidi ya wawili kwa kitabu, na sote tunajua anayesoma ni yule aliyekishika.

Piga hesabu. Nakala ya shilingi 100 kwa watoto 117 ni 11,700. Kwa ile 210,000 ya wakala unapata karatasi karibu 18 kwa kila mtoto, na ukitumia mashine ya kudurufu inayotoa mitihani kata yenu, nyingi zaidi. Na karatasi unaandika wewe: jina la soko lenu, mto wenu, timu yao ya mpira. Mimi natumia barua yenye mapengo wiki ya kwanza, wiki ya pili barua iliyokatwa vipande vya sentensi waipange upya, wiki ya tatu nawapa mianzo ya sentensi tu: "Last week I...", "Please tell me...", "I was happy because...". Kupanga vipande kunawasaidia hata la saba kwenye maswali ya mtihani ya kupanga sentensi zilizochanganywa.

TichaKahama
Kaeni mkao wa kusoma, nina historia na hivyo vitabu vya wakala.

Shule niliyokuwa zamani (siitaji) tulinunua kama hicho, 60. Barua ya kwanza kitabuni ilikuwa ya kumshukuru mjomba kwa baiskeli. Kiingereza chake kizuri sana, tukasema hii watoto waishike. Wakaishika kweli. Asubuhi mstarini wanaikariri kama wimbo, mimi najisikia fahari kabisa.

Ukaja mtihani wa muhula: mwandikie mwalimu mkuu barua ya kuomba ruhusa ya siku mbili kwa sababu bibi yako anaumwa. Nimekaa kusahihisha. Karatasi ya kwanza: "Dear Uncle, Thank you very much for the beautiful bicycle." Ya pili baiskeli. Ya tatu baiskeli. Mpaka ya kumi na kitu nikaacha kuhesabu nikaenda kunywa chai. Kuna mmoja, mtoto mwerevu, alielewa swali lakini hakutaka kuipoteza barua aliyoikariri, akaziunganisha: "Dear Headteacher, thank you for the bicycle. My grandmother is sick. I ride it to her with great joy." Mwalimu mkuu aliisoma kwa sauti ofisini, walimu wakacheka hadi machozi. Alipomaliza akanigeukia mimi, hacheki.

Lakini lililoniuma ni jingine. Siku ya kurudisha karatasi msichana mmoja akaja mezani, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nephew ni nini?" Mwaka mzima alikuwa anamalizia "Your loving nephew" kama kitabu kilivyosema. Kwetu mpwa ni mpwa, awe wa kike awe wa kiume, angejulia wapi? Na mimi sikuwahi kuwaambia. Nilikuwa busy na koma za anwani.

Vile vitabu viko kabatini hadi leo, nadhani.

Kuku_wa_Kienyeji
"I ride it to her with great joy" 😂😂 Huyo apewe alama zote na baiskeli yenyewe.

Nyasa_Upepo
Angalau wako waliandika "loving". Wangu wote ni "Your lovely son". Nimewaeleza hadi nimechoka: lovely ni wewe unajisifia uzuri, loving ni unampenda mzazi. Kesho yake, lovely.

Bwana_Bahasha
Naona mnaizunguka namba 3 kama haipo. Barua isiyo na wa kuisoma ni zoezi la mwandiko. Mtoto anaishia kwenye "Dear Uncle" kwa sababu hakuna uncle! Anajua fika barua inaenda kwenye rundo la mwalimu na kurudi na tiki nyekundu. Mpe mtoto wa kweli wa shule ya kweli, aliyemuuliza "Do you have a dog?", uone kama atakosa cha kuandika.

Mimi nilianza bila senti. Boksi la sabuni, nikalitoboa tundu juu, nikalipaka rangi nyekundu: posta ya darasa. Dawati la nyuma linaandikia la mbele, mistari mitatu tu. Sheria moja: ukipokea barua yenye swali lazima ulijibu kabla hujauliza lako. Ijumaa kipindi cha mwisho tarishi anagawa. Baada ya mwezi tukahamia shule ya pili ng'ambo ya mto.

TichaKahama
Na zikajibiwa? Sema ukweli mzee.

Bwana_Bahasha
Awamu ya kwanza zilijibiwa zote. Ya pili nilituma 74 zikarudi 51. Wale 23 waliokosa majibu... hilo sikulitarajia, mtoto mmoja aligoma kuandika tena. Sasa naandika majibu ya akiba mwenyewe, kwa mkono wa kushoto wasinijue.

Mama_Ilham
Hilo la mkono wa kushoto nimelipenda. Ila jamani, mnazisoma kabla ya kuzituma? La sita wapo wa miaka 12, 13. Ukiwaachia posta bila kuchungulia utashangaa unasafirisha posa.

Bwana_Bahasha
Nazisoma zote, na watoto wanajua nazisoma. Niliwahi kuzuia moja yenye moyo na mshale. Ingawa Kiingereza chake, nikiri, kilikuwa bora kuliko zote za wiki ile.

Mwalimu_Mstaafu54
Wanangu, nawasoma. Sisi tulifundisha barua bila nakala wala boksi, ubao na chaki, na watoto waliandika. Kwanza muundo. Anwani juu kulia, kila mstari unaingia ndani kidogo kuliko wa juu yake, kama ngazi. Koma kila mwisho wa mstari, wa mwisho nukta. Siku hizi naona anwani zimesimama wima kama ukuta, hazina hata koma. Huo ni uvivu.

Nyasa_Upepo
Shikamoo mzee wetu. Kwa heshima zote, ile ngazi ni mtindo wa zamani. Barua nyingi za kiofisi leo zinaandikwa wima na hakuna anayelalamika. Muhimu mtoto achague mmoja asichanganye.

Mwalimu_Mstaafu54
Marahaba mwanangu. Ofisi si darasa. Msahihishaji akiwa wa rika langu, huyo mtoto wako wa ukutani anakatwa alama.

Mwl_Voi
Kwetu pia ni vita. Mwenye kuniudhi mimi ni anayeweka jina lake juu ya anwani. Jina liko chini, chini! Na wale wa "Dear Sir" halafu "Yours sincerely". Ukimtaja mtu kwa jina ni sincerely, usipomtaja ni faithfully, na faithfully inaishia na l mbili na y, si "faithfull".

Kuku_wa_Kienyeji
Mnapigania koma wakati Chaki kasema watoto wake wanajua anwani kuliko kitu kingine chochote.

TichaKahama
Kuku kasema kweli. Mimi ningesema ukaangalie barua zao za Kiswahili kwanza. Wangu nilipowaambia waandike wenyewe bila kitabu, walitafsiri zile salamu za bibi zao. Nimeitunza moja: "Many many greetings may reach you there where you are. The aim of this letter is to want to know your condition. Me I am healthy, fear and doubt is to you who is far from my eyes." Hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, neno kwa neno!

Nikataka kuikata yote kwa wino mwekundu, kisha nikaona huyu ndiye mtoto pekee aliyejaza ukurasa. Nikakaa naye. Nikamwuliza, kama bibi yako angekuwa Mwingereza angekuambiaje? Akafikiri sana, akasema: "I am fine. I worry about you." Mistari mizima ikawa maneno saba. Tangu hapo naanzia hapo: barua kwa Kiswahili mdomoni, kisha tunaipunguza, kisha ndiyo Kiingereza.

Mama_Ilham
Sasa hiyo mwalimu ni somo, si historia ya baiskeli tu. Nitaiiba.

Nyasa_Upepo
Na usahihishaji je? Barua 117 kila wiki, nani anaziweza? Mimi nasahihisha vitu viwili tu kwa wiki, nawatangazia mapema: wiki hii nyakati zilizopita na herufi kubwa. Mengine nayaona, nayafumbia macho. Mkaguzi alinikuta akauliza kwa nini kosa la "he go" halijawekewa mstari. Nikamwambia zamu yake wiki ijayo. Hakuridhika.

Jirani_wa_Posta
Samahani, mimi si mwalimu, nina mtoto la tano. Hivi barua bado zina maana? Mwanangu ananitumia ujumbe wa sauti akiwa chumba cha pili. Kwa nini msiwafundishe barua pepe?

Bwana_Bahasha
Barua pepe nayo ina salamu, sababu na kuaga. Ukijua moja umejua nyingine. Kwenye shule isiyo na umeme tunaanza na boksi la sabuni.

Jirani_wa_Posta
Sawa, nimeelewa. Swali jingine basi: mtoto wangu anaulizwa anwani ya nyumbani. Sisi hatuna sanduku la posta. Zile anwani za makazi za 2022, mtaa na namba ya nyumba, anaruhusiwa kuziandika au mwalimu atamkata?

Mwalimu_Mstaafu54
Aandike S.L.P. ya shule, kwa Kiingereza P.O. Box. Ndivyo ilivyo siku zote.

Mama_Ilham
Mzee, mbona namba iko mlangoni kwake imepigwa kibao? Mimi nawaruhusu. Kuna waliojua jina la mtaa wao kwa mara ya kwanza kwa sababu ya zoezi hilo.

Chaki_Mbovu
Nimewasoma wote, asanteni. Taarifa mpya: wakala nimemwuliza risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi), kasema ataileta "baadaye", hivyo mweka hazina wa kamati ameshaanza kununa. Ila mwenyekiti naye anasema wazazi wanataka kitu cha kuonekana, na boksi la sabuni halionekani kama laki mbili na nusu. Nimejaribu leo mkondo A, boksi bila bahasha, mistari mitatu. Nimepata 49 kati ya 58. Moja imeandikwa: "Dear Chaki, why you always come with the same shirt?" Nilisema waandikiane wao kwa wao, sijui aliyeniingiza mimi nani.

Kuku_wa_Kienyeji
Sheria ya Bwana Bahasha: ukiulizwa lazima ujibu.

Bwana_Bahasha
Kwa Kiingereza, na anwani ya ngazi mzee asije akakukata.

Nyasa_Upepo
Mama Ilham, ile karatasi ya vipande vya sentensi unaweza kuitupia hapa hata picha? Na unakata kwa mkasi karatasi 117 peke yako au kuna ujanja?