Fenibelti inalia: ninunue mkanda peke yake au seti nzima na tenshena?

Mtembezi
Wakuu, habari zenu. Gari langu linalia chini ya boneti kila nikiliwasha asubuhi, baada ya muda linanyamaza. Fundi wa kwanza kasema ni fenibelti, nibadili mkanda basi. Wa pili anasisitiza seti nzima: mkanda, tenshena (kile kinachoukaza mkanda) na puli (magurudumu unayozungukia). Seti ni ghali zaidi, na wiki hii lazima ninunue kimoja. Nichukue kipi?

Kamba_Sita
Mkuu, gari gani? Injini gani? Limetembea kilomita ngapi? Mkanda uliwekwa lini? Ni mmoja au miwili? Hujasema hata kimoja, tukujibu nini?

MamaSpana
Na mlio wenyewe ukoje, ndugu? Mluzi mrefu ni jambo moja, kulialia kwa kukatakata kama kifaranga ni jambo jingine. Injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, pulizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mistari. Kelele ikizidi, mkanda unateleza: umelegea au umeisha. Ikinyamaza sekunde chache kisha ikarudi, kuna puli haijanyooka na wenzake, na hapo hata mkanda mpya utakuja kulia. Vidole, mikono ya shati na mtandio viwe mbali kabisa.

Mtembezi
Samahani wakuu. Ni petroli, silinda nne. Mkanda mmoja mrefu unazungusha altaneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Stelingi ni ya umeme. Kilomita 120,000 na kitu. Gari nimelinunua likiwa na mkanda huo, sijui uliwekwa lini. Nimeutazama kwa tochi, hauna ufa hata mmoja. Ndiyo maana nasita.

MzeeWaPuli
Kijana wangu, usitafute ufa. Mikanda ya zamani ya neoprini ndiyo ilikuwa inapasuka ikichoka. Ya siku hizi ni ya EPDM, aina nyingine ya mpira, inaweza kuisha kabisa bila ufa wowote. Inalika kidogo kidogo, mifereji inapanuka, mkanda unadidimia kwenye puli mpaka hauna tena cha kushikia. Kuna kipimo kidogo cha plastiki unakilaza kwenye mfereji, kinakuonyesha umelika kiasi gani. Kwa kilomita hizo na historia usiyoijua, mimi ningeutoa bila kubishana.

Kwenye kununua, soma namba mgongoni. 6PK1550 maana yake mistari 6, umbo la PK, urefu milimita 1,550. Zikiwa zimefutika, agiza kwa namba ya chasi. Usipime mkanda wa zamani kwa kamba.

Safari_Ndefu
Mimi niko upande wa seti, na nina sababu. Nilibadilishiwa mkanda peke yake, mpya, wa kampuni nzuri. Fundi hakuzungusha puli hata moja kwa mkono. Haukupita muda mrefu, nikiwa barabarani naendesha, nikasikia harufu ya mpira ulioungua. Mara taa ya betri ikawaka. Kutazama mshale wa joto, unapanda. Nikaegesha na kuzima hapohapo. Kufungua boneti, beringi ya puli ya kati imekwama, plastiki ya puli imeyeyuka upande mmoja, na mkanda mpya umebaki nyuzi nyeusi zilizojisokota nyuma ya puli ya krankshafti. Uzi mmoja ulikuwa umeshaanza kuingia kwenye sili, ile mpira inayoziba oili pale krankshafti inapotokea. Ungepita pale ukafika kwenye mkanda wa taimingi ulio ndani ya injini, leo ningekuwa natafuta injini. Beringi ndogo tu ile!

Kamba_Sita
Pole sana kaka. Ila hapo kosa ni kutokukagua, si kununua mkanda peke yake. Mkanda ukishatoka, unazungusha kila puli kwa mkono: ikikwaruza, ikicheza, au ikizunguka kwa wepesi kupita kiasi, grisi imekwisha, itoke. Mkono wa tenshena ukirudi kwa kushtuka au kutikisika injini ikiwaka, nayo itoke. Vikiwa vizima, kwa nini uvitupe? Tenshena iliyokuja na gari naiamini kuliko seti isiyo na jina. Nunua mkanda wa Bando, Mitsuboshi, Gates au Continental.

Safari_Ndefu
Beringi ya kilomita 120,000 unaipima kwa kidole? Leo iko kimya, kesho je? Na pampu yake ya maji inategemea mkanda huohuo.

Dereva_Mpole
Kuna dawa ya kupulizia mkanda, kelele inakata palepale. Wengine wanapaka sabuni.

MzeeWaPuli
Hapana, tafadhali. Dawa hiyo inanata, inakusanya vumbi na kuficha ugonjwa. Kwanza mleta mada aangalie kama kuna oili au maji ya rejeta yanavujia mkanda. Yakiwepo, hata seti nzima itaharibika.

Chuma_Moto
Kwa hiyo mkanda ukikatika vavu zinapinda?

MamaSpana
Huo ni mkanda wa taimingi, ndugu, uko ndani ya kava. Huu wa nje ukikatika unakosa chaji, na kwa gari lake maji hayazunguki, linachemsha. Hatari kwa vavu ni kama alivyoeleza Safari_Ndefu, nyuzi zikipenya ndani.

Mtembezi
Nimepulizia maji, kelele imezidi. Chini ya altaneta kuna unyevunyevu, sijajua ni oili au ni maji niliyopulizia.

MamaSpana
Futa pakavu, endesha siku moja, uangalie tena kabla hujanunua chochote. Na kabla ya kuutoa mkanda, piga picha jinsi unavyopita kwenye puli.

Kamba_Sita
Wakuu, la kwangu la pili halina tenshena kabisa, mkanda wa AC unavutika wenyewe. Unatolewaje?

MzeeWaPuli
Huo wa kuvutika unakatwa, haurudishwi. Mpya unapandishwa kwa kifaa chake maalumu huku krankshafti ikizungushwa kwa spana. Usiusukume kwa bisibisi, utaujeruhi ubavuni. Gari gani hilo?